Kuvua kwa kayaki jioni bwawani mkiwa wawili: mwongozo kamili

Jioni ya kuvua ni fupi kuliko inavyoonekana. Tangu jua linapoanza kulegea hadi giza kushika mna kama saa mbili na nusu, na ndani ya muda huo samaki hubadili mahali na chakula. Anayefika bwawani ndipo aanze kufunga ndoano hupoteza saa ya kwanza, na anayetafuta koleo gizani hupoteza ya mwisho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika nchi kavu, na mengi ya hapa chini yanahusu huko.

Karibu na ikweta giza huingia ndani ya kama nusu saa tu baada ya jua kuzama. Mbali na ikweta, hasa majira ya joto, utusitusi unaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Jueni saa ya jua kuzama siku hiyo, kisha hesabuni kurudi nyuma: kayaki ziwe majini saa mbili kabla, nanyi mfike ukingoni nusu saa kabla ya hapo.

Jioni kuna nini majini

Mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni mchana kutwa kwa mwanga wa jua. Maji ya juu huwa na oksijeni nyingi zaidi alasiri na jioni, na kidogo zaidi alfajiri. Katika majira ya joto bwawa lililotulia hugawanyika matabaka, maji ya vuguvugu juu na ya baridi chini, na tabaka la chini linaweza kukosa oksijeni kabisa. Ndiyo maana kushusha chambo hadi shimo refu kuliko yote kwa kudhani wakubwa wako huko mara nyingi ni kazi bure. Tafuteni ukingo wa kina, pale mita moja inaposhuka kuwa mbili au tatu, kabla hamjafikiria katikati ya bwawa.

Kila samaki ana saa yake. Perege hula zaidi mchana na huacha mwanga unapokwisha. Besi, samaki wa kuwinda, hutumia mwanga hafifu kuwavamia samaki wadogo na vyura kando ya majani. Kambare huanza kazi giza linapoingia, akiongozwa na sharubu zake na kunusa kuliko macho. Jioni moja inaweza kuwapa wote watatu kama wamo bwawani, mradi mbadilishe mbinu kwa wakati.

Bwawa lenyewe

Ombeni ruhusa kwa mwenye bwawa au wasimamizi wake, na mkate leseni kama sheria ya mahali inaidai. Ulizeni pia kama kuvua baada ya jua kuzama kunaruhusiwa, maana kuna mahali hakuruhusiwi. Bwawa lenye mamba au kiboko si la kayaki, saa yoyote. Katika nchi za joto, maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho. Vaeni viatu na suruali ndefu, mwingie kwenye kayaki mkilowana kidogo iwezekanavyo, na mjifute mara moja.

Zungukeni ukingo mara moja mchana. Angalieni mashina yaliyozama, waya wa uzio ulioingia majini, mahali maji yanapoingilia, na sehemu mbili za kutokea: ile mliyoingilia na nyingine upande upepo unaokwenda. Kina hupimwa kwa kamba yenye chubwi (kizito cha kuzamisha) la gramu 200 na fundo kila nusu mita.

Kayaki na uzito wake

Kwa uvuvi wa bwawani, kayaki ya kukalia juu, iliyo wazi, ni bora kuliko ile ya kuingiza miguu ndani. Ikipinduka haijai maji, na mtu anaweza kuipanda tena bila kuifua maji. Urefu wa mita 3 hadi 3.6 na upana wa sentimita 75 hadi 90 unatosha. Fupi zaidi huyumba omo (sehemu ya mbele) kila kasia linapopigwa. Ndefu zaidi hugeuka kwa shida kwenye matete.

Kiwango cha uzito kilichoandikwa na mtengenezaji ni cha kuelea, si cha kuvulia kwa starehe. Tumieni asilimia 70 yake. Kayaki ya kilo 150 ibebe kilo 105: mvuvi kilo 75, nguo na jaketi 5, fimbo na vifaa 10, nanga na kamba 3, sanduku na barafu 10. Jumla kilo 103, na nafasi ya samaki mkubwa imeshakwisha. Mwenye mwili mkubwa apewe kayaki kubwa, na barafu ibebwe na mwepesi.

Kabla ya kuondoka kagueni kizibo cha kutolea maji na mifuniko. Mkiwa majini dakika ishirini, tikisa kayaki kidogo usikilize. Maji yanayotembea ndani ni hatari kuliko uzito wake: kayaki ikiinama upande mmoja, nayo hukimbilia huko na kuiinamisha zaidi. Ukisikia lita kadhaa zinacheza, rudi ukingoni ukamwage.

Kasia la pande mbili kwa kayaki pana liwe sentimita 230 hadi 260, nalo lifungwe kwa kikamba cha mita moja na nusu. Kasia lililoelea mbali ndilo chanzo cha kawaida cha mtu kukwama katikati ya bwawa.

Mwilini

Jaketi okozi huvaliwa na kufungwa vifungo vyote tangu ukingoni. Jaketi lililowekwa nyuma ya kiti halivaliki ukiwa tayari majini na nguo zimelowa. Kwa mtu mzima anayejua kuogelea, lenye nguvu ya kuelea ya newtoni 50 linatosha; asiyejua kuogelea atafute la newtoni 100 au zaidi, lile linalomgeuza mtu uso juu. Litundikwe filimbi.

Vaa kwa kufuata joto la maji, si la hewa. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu ahemeke bila hiari dakika ya kwanza, na hapo ndipo wengi hunywa maji. Katika maji ya namna hiyo vaeni suti ya kuogelea ya mpira.

Kila mmoja awe na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, na tochi nyeupe ya pili. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe mkali huyarudisha nyuma mara moja. Mwekundu huyaharibu kidogo sana, na wadudu hawaujali kama mweupe. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini zinaruhusu chombo cha makasia kukosa taa za kudumu mradi kiwe na tochi nyeupe tayari kuwashwa kabla ya kugongana. Bwawani hakuna meli, lakini utaratibu huo ni mzuri kila mahali.

Fimbo, mshipi na chambo

Fimbo mbili kwa kila mtu, zisizidi. Ya tatu hunasa matawi na kumgonga mwenzako. Urefu wa mita 1.8 hadi 2.1 unafaa: fupi kuliko hapo haifiki kuzunguka omo samaki akipita chini ya kayaki, na ndefu kuliko hapo humweka samaki mbali na mkono wako wakati wa kumtoa.

Fimbo ya kwanza ni ya perege. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.20 hadi 0.22, chilezo (kiboya cha mshipi) chembamba, ndoano namba 8 au 10, chambo mnyoo, punje ya mahindi laini au donge la unga lenye ukubwa wa njegere. Mdomo wa perege ni mdogo; wanaolalamika kwamba anadonoa bila kunasa mara nyingi wametumia ndoano kubwa. Wekeni chambo sentimita 60 hadi mita moja chini ya chilezo, na chubwi dogo linalokifanya chilezo kionekane kidogo tu juu ya maji. Kikielea juu sana, samaki huhisi uzito wake na kutema.

Fimbo ya pili iwe na mshipi wa milimita 0.28 hadi 0.30, kwa besi kwanza na baadaye kambare. Kwa besi, mnyoo wa plastiki wa sentimita 12 hadi 15 kwenye ndoano namba 3/0, ncha ikifichwa ndani ya plastiki isikamate majani; au chambo bandia cha kuelea kinachopiga kelele kikivutwa. Kwa kambare, ndoano 1/0 hadi 3/0, kipande cha samaki, ini la kuku au rundo la minyoo mikubwa. Ini ni laini na hutoka kwa kutupwa, kwa hiyo lizungushieni uzi mwembamba mara tano sita.

Bonyezeni vijimwiba vyote vya ndoano kwa koleo hadi vilale. Samaki wachache watachomoka, lakini ndoano iliyoingia kidoleni gizani itatoka kwa njia iliyoingilia, na samaki mdogo atarudi majini bila kuchanika. Mkiwa wawili kwenye maji, hiyo ni biashara nzuri.

Fundo moja linatosha kwa nailoni. Pitisha sentimita 15 za mshipi kwenye tundu la ndoano. Zungusha ncha mara tano au sita kwenye mshipi mkuu. Irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, vuta polepole hadi likaze, kata na kuacha milimita mbili tatu. Kulowesha si pambo: nailoni kavu ikikazwa hupata joto la msuguano na kupoteza nguvu pale pale. Fundo hili huteleza kwenye mshipi wa kusokotwa, usilitumie huko.

Breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) iwekwe nchi kavu kwa mizani ya mkono. Ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 1 hadi 1.3 kwa mshipi wa kilo 4. Ukiikaza kupita hapo, samaki akikurupuka atakata mshipi au atakuvuta upande.

Fungeni kila kitu mkiwa bado ukingoni, na kila mmoja awe na vipande kumi vya mshipi vyenye ndoano tayari, vimeviringishwa kwenye kipande cha sponji. Ndoano ikikatika saa ya giza, unabadilisha kwa dakika moja.

Kupakia

Vizito vikae katikati na chini. Nanga mbele ya miguu, sanduku la barafu nyuma ya kiti. Koleo, kisu na mkasi vifungwe kwa vikamba vifupi, upande ule ule kila safari, ili mkono uvifikie bila macho. Tandikeni kitambaa au sponji chini ya vifaa. Kayaki tupu ni ngoma: sauti husafiri majini kwa kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, na koleo lililoanguka kwenye plastiki husikika na samaki wote wa karibu.

Simu iingie kwenye mfuko usiopenya maji, uliofungwa kwenye jaketi. Mwambieni mtu wa nchi kavu mko wapi na mtarudi saa ngapi. Mwisho, acheni taa ndogo ikiwaka pale mtakapotokea. Kutoka majini, ukingo wote hufanana gizani.

Mpangilio wa wawili majini

Kaeni mita 15 hivi kutoka kayaki hadi kayaki, mkilingana sambamba na ukingo, wote mkielekeza nyuso ukingoni. Kwa umbali huo mwenzako anakufikia ndani ya nusu dakika, na mnazungumza bila kupaza sauti. Kila mtu hutupa kwenye nusu ya mbele yake tu. Kabla ya kutupa, angalia nyuma: fimbo inapokwenda nyuma ndoano hufika mbali kuliko mtu anavyodhani. Anayetaka kupita nyuma ya mwenzake aseme "napita", na asipite mpaka ajibiwe.

Kubalianeni ishara za filimbi: mlio mmoja, niangalie; mitatu, njoo sasa hivi.

Anzeni kwa vina viwili tofauti, mmoja akivua juu na mwingine karibu na chini. Wa kwanza kupata samaki wawili aseme kina na chambo, na mwenzake amfuate. Wawili wanaovua kwa namna ile ile tangu mwanzo wamepoteza faida kubwa ya kuwa wawili.

Nanga hutiwa kutoka omo au tezi (sehemu ya nyuma), kamwe si ubavuni. Kamba iliyofungwa ubavuni huvuta ukingo wa kayaki chini upepo ukija, na maji huingia upande huo hadi mpinduke. Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 inatosha bwawani, na kamba iwe angalau mara tatu ya kina: mita 6 kwa maji ya mita 2. Funga kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, na ncha ya kamba iwe na boya dogo. Samaki mkubwa akikuzungusha, unaiachia kamba na kurudi baadaye kuchukua boya. Msifunge kayaki mbili pamoja wakati wa kuvua. Mmoja akiinama, wote wawili huinama.

Saa ya kwanza: kivuli cha magharibi

Jioni jua liko magharibi, kwa hiyo miti na matete ya ukingo wa magharibi hutupa kivuli majini mapema kuliko kwingine. Samaki wa kuwinda huingia kwenye kivuli hicho kabla bwawa lote halijapoa. Ukitupa kuelekea huko, jua linakupiga machoni, lakini kivuli chako kinaanguka nyuma. Ukivua ukingo wa mashariki saa hiyo, kivuli kirefu cha kayaki na mkono wako kinatangulia na kuwafukuza. Miwani ya kuzuia mng'aro na kofia yenye ukingo mpana humaliza tatizo la macho.

Perege watafuteni mita moja hadi mbili nje ya matete. Tupieni punje chache za mahindi, zisizidi kiganja kimoja kwa robo saa. Mkiwashibisha wataacha ndoano.

Jua linapogusa upeo

Sasa upepo kwa kawaida hutulia na wadudu hushuka juu ya maji. Wekeni chini fimbo ya perege bila kusitasita, hata kama bado anadonoa, mwende kwenye maji ya kina kifupi: mdomo wa kijito, mayungiyungi, mashina. Nusu saa hii ndiyo bora kwa besi. Tupa chambo cha kuelea mita moja kupita lengo, acha hadi viwimbi vyote viishe, vuta kidogo, acha tena. Kosa la kawaida ni kuvuta fimbo mara tu maji yanapolipuka. Subiri uhisi uzito wa samaki, ndipo uinue. Macho yakiwahi kuliko mkono, ndoano hutoka mdomoni.

Giza linapoingia

Rudini kwenye ukingo wa kina karibu na mahali pa kutokea, mtie nanga, mshushe chambo cha kambare hadi chini. Chubwi la gramu 20 hadi 30 liwe na uwezo wa kuteleza kwenye mshipi, ili kambare avute bila kuhisi uzito. Legeza mshipi kidogo. Ukinyooka na kuendelea kwenda, kaza.

Wekeni saa ya kuacha kabla hamjaingia majini, na muiheshimu. Ikitangulia hali ya kutoweza kumwona mwenzako bila tochi kwa umbali wa mita 15, tokeni hapo hapo. Radi ikisikika, tokeni mara moja na msirudi hadi dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Fimbo za kaboni hupitisha umeme, na juu ya bwawa hakuna kilicho kirefu kuliko ninyi.

Kumtoa samaki

Mwelekeze samaki mbele, upande wa omo, kayaki imfuate badala ya kuinama. Kichwa chako kisivuke ukingo wa kayaki. Kichwa kikitoka nje, mwili hufuata. Ingiza wavu wa mkono majini kwanza, kisha mlete samaki juu yake kichwa mbele. Ukimkimbiza kwa wavu kutoka mkiani ataruka. Usiinue fimbo wima mshipi ukiwa mfupi, fimbo huvunjika karibu na ncha.

Kambare ana mwiba mkali kwenye kila pezi la kifuani: mshike nyuma ya mapezi hayo, vidole visiwe mbele ya mwiba wowote. Perege mshike ukiyalaza mapezi ya mgongo kutoka kichwani kwenda mkiani. Wa kurudishwa ashikwe kwa mikono iliyolowa, asikae nje ya maji zaidi ya sekunde kumi na tano. Wa kula auawe mara moja kwa pigo la kichwani na kuwekwa kwenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mtungo unaoning'inia majini hunasa mashina, na samaki hufa polepole na nyama kulegea.

Mmoja akipinduka

Lifanyieni zoezi hili mchana, kwenye maji ya kina cha kifuani, bila fimbo.

1. Aliye majini ashike kayaki na kasia, asiogelee kuelekea ukingoni. Vifaa vinavyoelea viachwe.
2. Aigeuze kayaki: apitishe mikono juu ya tumbo la kayaki, ashike ukingo wa mbali au matundu ya kutolea maji, ajivute nyuma kwa uzito wote.
3. Mwenzake aje ubavuni, omo yake ikielekea tezi ya kayaki iliyopinduka, aishike kwa mikono yote miwili na kuiegemea. Makasia yalazwe mapajani mwake.
4. Aliye majini akae upande wa pili, anyooshe miguu juu ya maji, apige miguu kwa nguvu na kujivuta hadi tumbo lilale juu ya kiti.
5. Ageuke akae, kisha aingize miguu. Tumbo, makalio, miguu, kwa mpangilio huo. Anayejaribu kuinua goti kwanza hupindua tena.

Baada ya hapo wote wawili warudi nchi kavu. Aliyelowa gizani huchoka na kupoa haraka kuliko anavyokiri.

Mkishatoka

Fungueni kizibo, inamisheni kayaki hadi tone la mwisho. Ondoeni kila kipande cha majani kwenye nanga, kamba na matundu, kisha mkaushe kabisa kabla ya kwenda bwawa jingine. Kipande kidogo cha magugu maji kinaweza kuota na kulifunika bwawa lisilokuwa nayo. Okoteni mabaki ya mshipi, kwa sababu nailoni hukaa miaka mingi na ndege hunasa miguu humo. Kateni mita moja ya mwisho ya kila mshipi, ndiyo iliyosuguliwa na mashina, na mlegeze breki za rili kabisa ili vibao vyake visibanane. Kayaki ihifadhiwe kivulini, kizibo kikiwa wazi.